Mpingo wa Nyuma ya Choo

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa woga, la hasha. Ni kwamba jina lake lilikuwa likibadilishwa wiki niliyoanza kuandika, na mabango mapya bado hayajakauka rangi. Itoshe kusema ni nchi ya joto, yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na moja na viongozi wanaoujua ubeti wa kwanza. Kwenye nembo yake pamechorwa mti wa mpingo, simba wawili wameushika huku na huku, na hakuna mchoraji aliyewahi kueleza kama wale simba wanaulinda au wanaung'oa.

Kule hakuna kiongozi anayeapa bila kushika bakora ya mpingo. Ndiyo desturi. Waziri hupewa bakora inayomfika kifuani, naibu wake ya kitovuni, mkurugenzi ya magotini, na diwani hupewa kijiti cha kutia mfukoni. Bakora iliyokwisha kuapiwa haiapiwi tena, maana inasemekana kiapo kimo ndani na hakitoki. Kwa hiyo kiongozi akiondolewa huondoka nayo, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Sasa, tangu uhuru, baraza la mawaziri lilikuwa likivunjwa na kuundwa upya kila baada ya miezi minne, na siku Rais akiamka vibaya, mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Misitu ya mpingo ikapungua kwa utaratibu safi kabisa, bila sheria hata moja kuvunjwa.

Huko Nangumbu, wilaya ya mwisho kabla ramani haijaisha, alikuwepo ofisa misitu aitwaye Sikudhani Nampunje. Watu walimwita Bwana Miti. Alikuwa mwanamke, mama wa mabinti wawili waliokwisha kuolewa, lakini cheo kilisema Bwana Miti na mhuri ulisema Bwana Miti, na alipoandika kuomba mhuri ubadilishwe alijibiwa kwamba ni rahisi zaidi kumbadilisha yeye. Alikuwa na miguu isiyotulia. Kiti chake cha ofisini kilikuwa bado na karatasi ya nailoni ya dukani, kwa sababu hakuwahi kukikalia muda wa kutosha kuipasua.

Tena alikuwa na kilema ambacho daktari wa wilaya hakuwahi kukigundua. Kwa mdomo alidanganya kama sisi sote: alisema amekwisha kula wakati hajala, alisema yuko njiani wakati yuko bafuni. Lakini kwenye karatasi hakuweza. Akishika kalamu ili aandike uongo, mkono ulianza kumtetemeka, wino ukamwagika, jasho likamtoka kwapani. Basi aliandika ukweli, na ndivyo balaa lilivyoanza.

*

Kila mwaka wizara ilileta Fomu M/7, yenye swali moja tu: idadi ya mipingo iliyobaki wilayani. Mabwana Miti waliomtangulia walijibu kwa hekima. Mmoja aliandika "Ya kutosha." Mwingine aliandika "Inaridhisha." Wa tatu, mcha Mungu, aliandika "Alhamdulillahi." Sikudhani alizunguka wilaya nzima kwa baiskeli kwa muda wa siku kumi na tisa, akarudi miguu imevimba, akaandika: "Mmoja."

Huo mmoja ulikuwa nyuma ya choo cha shimo cha ofisi ya wilaya. Ulikuwa mzee na umepinda, na uliokolewa na harufu: kila mkata miti aliyeingia upande ule aliziba pua na kugeuza uso, akatoka bila kuinua macho. Watu walikwenda huko na kopo la maji mkononi, wakafanya haja zao, wakarudi. Sikudhani peke yake ndiye aliyekuwa akiusimamia na kuushika gome, kwa sababu mwaka ule, baada ya miaka minane ya ukame wa maua, mti ulikuwa umezaa. Maganda yalining'inia mabichi, bapa, kila moja likiwa na mbegu moja au mbili ndani. Yakikauka mtini, mbegu zitaota. Yakichumwa mabichi, ni takataka.

Alihesabu mara tatu. Yalihitaji wiki sita.

Wiki sita tu, alijiambia, akiizunguka ofisi. Mbegu mia mbili, vifuko mia mbili vya udongo, na baada ya miaka themanini watoto wa wajukuu wa Nangumbu watakuwa na msitu. Aliamini kwamba wakubwa wakisoma lile neno "Mmoja" watashtuka kama alivyoshtuka yeye. Aliamini kwamba watamletea mlinzi na vifuko vya kuoteshea. Masikini Sikudhani! Wakubwa walishtuka kweli.

*

Redio ilikatiza muziki wa taarabu saa nne asubuhi, na sauti ya Rais ikasikika kote nchini, nzito na yenye mafua.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeamka leo na huzuni na furaha. Huzuni, kwa sababu mpingo umebaki mmoja. Furaha, kwa sababu jirani zetu hawana hata huo. Wako watakaouliza, ile mingine ilikwenda wapi. Hao ni maadui wa maendeleo na tunawajua wanapokaa. Mimi nasema mti huu ni mama yetu, ni baba yetu, ni shangazi yetu. Kuanzia dakika hii yeyote atakayeugusa ameigusa serikali. Na ili kuonyesha kwamba hatufanyi mzaha, naunda leo Wizara ya Kuulinda Mpingo wa Mwisho."

Nangumbu watu walipiga vigelegele. Sikudhani alilia kwa furaha, tena hadharani, akajifuta kwa ncha ya kanga. Wa pili kufuta machozi alikuwa Mkuu wa Wilaya, aliyekwisha kukumbuka kwamba wizara ina waziri, na waziri ana msafara, na msafara hula.

Kesho yake walikuja askari kumi na wawili, na seng'enge. Mti ukazungushiwa uzio, pamoja na nusu ya choo, ile ya wanawake, ikabidi watumishi wa kike waombe kibali cha kwenda haja. Aliyewekwa langoni alikuwa Koplo Chitanda, mtoto wa pale pale Nangumbu, kijana mpole mwenye mwendo wa kusinzia.

"Naingia kuangalia maganda," Sikudhani alimwambia.

"Haiwezekani, mama. Aliyeugusa ameigusa serikali."

"Mimi ndiye Bwana Miti!"

"Najua, mama. Ndiyo maana nakukataza kwa heshima."

"Na mbegu zikikauka? Zikidondoka zitaliwa na kuku. Nani atakayeziokota?"

Koplo alitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa kidole. "Mbegu, majani, kivuli na ndege watakaotua ni mali ya Mheshimiwa Waziri. Mpaka Waziri aapishwe, hakuna wa kutoa ruhusa."

"Ataapishwa lini?"

"Hilo halimo humu, mama."

Tangu siku hiyo Sikudhani hakuwa na raha. Alikwenda uzioni asubuhi, akaenda saa sita, akaenda kabla ya kufunga ofisi, na kila mara alibeba kopo la maji ili asiulizwe. Hakuna anayemuuliza mtu mwenye kopo anakwenda wapi. Hata Mkuu wa Wilaya humpisha. Siku nyingine alikwenda mara kumi na moja, mpaka karani wa ofisi akamletea dawa ya tumbo.

*

Siku ya kumi na nne tangu ayahesabu maganda, alifika Bwana Hilali Mtopea, Mkuu wa Itifaki wa Ikulu, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa na futi ya fundi nguo shingoni. Aliruhusiwa kuugusa mti, kwa kuwa itifaki si mkono. Aliuzunguka, akaupima chini, akaupima katikati, akaandika tarakimu kwenye kiganja.

"Unapima nini, mheshimiwa?" Sikudhani aliuliza.

"Bakora," alisema Mtopea kwa upole. "Waziri mmoja, manaibu wawili, katibu mkuu, wakurugenzi kumi. Jumla kumi na nne. Nikibana, zitatoka."

Sikudhani alicheka, akidhani ni utani wa mjini. Alipoona mwenzake hacheki, aliacha.

"Si mmekuja kuulinda?"

"Kabisa! Lakini dada yangu, utalindwa na nani? Na Waziri. Na waziri asiyeapa ni waziri? Si waziri, ni mtu tu mwenye suti. Sasa wewe ungependa hazina ya taifa hili ilindwe na mtu tu mwenye suti?"

"Tumieni bakora za zamani. Ziko kwenye kila sebule mjini."

"Zimekwisha kuapiwa." Mtopea alitikisa kichwa kama mtu aliyeombwa kuvaa soksi za marehemu. "Kiapo juu ya kiapo? Hapana, itatuletea mkosi."

"Basi mkaratusi, upakwe rangi nyeusi."

"Bwana Miti!" alisema, na safari hii aliumia kweli. "Kiapo cha uongo?"

Lakini palikuwa na kizuizi, na Sikudhani alikishika kwa mikono miwili. Sheria ya tangu ukoloni ilisema mti haukatwi mpaka Bwana Miti augonge kwa nyundo ya serikali, ile yenye nembo upande mmoja. Nyundo ilikuwa moja wilayani, na ilikaa kwenye droo ya Sikudhani. Mtopea akaiomba kwa adabu, akipanua kiganja.

"Imepotea," alisema Sikudhani, kwa mdomo. Jioni ile ile aliichukua kutoka kwenye droo, akaizika nyumbani kwake katika pipa la unga wa mhogo.

Akapiga hesabu. Nyundo mpya lazima iagizwe, na kuagiza kitu serikalini kunataka zabuni, na zabuni ya mwisho, ya kununua ufagio, ilichukua miaka mitatu. Yeye alihitaji wiki nne tu. Kwa mara ya kwanza maishani alimshukuru Mungu kwa uzembe wa serikali.

"Hakuna taabu," alisema Mtopea. "Andika ripoti ya kupotea kwa nyundo, ukurasa mmoja, nami nitaipeleka."

Alikaa, akashika kalamu. Aliandika "Mimi Sikudhani Nampunje nathibitisha kwamba nyundo," na mkono ukaanza. Ukatetemeka hata meza ikagonga ukuta. Alichana karatasi. Kesho yake akasema wino umekwisha. Siku iliyofuata akasema ameumia kidole, akakifunga kitambaa, kisha akasahau ni kipi akafunga kingine. Siku ya sita ya visingizio alitoroka ofisini kwa baiskeli, eti anakwenda kukagua mikoko, na Nangumbu haina bahari. Mtopea alikuwa akimngoja barazani kila aliporudi, viatu vikiwaka, akitabasamu, bila hasira hata kidogo. Tabasamu hilo lilimnyima Sikudhani hamu ya kula.

Maganda nayo yalianza kugeuka rangi pembeni.

*

Siku ya ishirini na nane, saa mbili asubuhi, redio ilitangaza uteuzi. Sikudhani alikuwa akipiga mswaki. Alisikia: Waziri wa Kuulinda Mpingo wa Mwisho, Dokta Gaudensi Kapwela. Alisikia: Naibu Waziri wa kwanza, fulani. Alisikia: Naibu Waziri wa pili, Bwana Sikudhani Nampunje wa Nangumbu, kwa kutambua uaminifu wake. Povu likamshuka kidevuni.

Alikimbilia kwa Mkuu wa Wilaya. "Nakataa," alisema. "Sitaki."

"Mama," alisema Mkuu wa Wilaya, ambaye mpaka jana alikuwa akimwita "we Bwana Miti" na leo alikuwa amesimama. "Huo si mwaliko wa harusi, useme una udhuru. Mheshimiwa Rais amekwisha kusema redioni. Akisema redioni ni kweli."

Na hapa nisimfiche. Njiani akirudi nyumbani Sikudhani alijiona kwenye gari lenye bendera ndogo, akajiona akitoa amri seng'enge iondolewe, maganda yachumwe yakiwa makavu, vifuko mia mbili vipangwe kivulini. Nikiwa ndani nitauokoa, alijiambia. Kwa muda wa kutoka ofisi ya wilaya hadi kwenye mashine ya kusaga alikuwa na furaha. Kisha akakumbuka bakora ya kitovuni ingetoka wapi, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kumbe haikuwa zawadi. Naibu Waziri si Bwana Miti. Kiti cha Bwana Miti kilikuwa wazi tangu saa mbili na dakika tano, na saa tatu kamili kilikaimiwa na Bwana Hilali Mtopea. Nyundo hakuwa nayo, lakini Bunge lilikutana siku mbili baadaye na kupitisha kanuni, kwa sauti moja, kwamba pale nyundo ya serikali inapokosekana, kisigino cha kiatu cha ofisa anayehusika kitahesabika kuwa nyundo.

*

Sherehe ya Kuuokoa Mpingo ilifanyika siku ya thelathini na moja. Palikuwa na maturubai, wali, kwaya ya walimu na matarumbeta. Sikudhani alivalishwa shada la maua. Alikuwa ameketishwa mstari wa mbele, na hakuweza kuketi. Alisimama, akakaa, akasimama tena, mpaka aliye nyuma yake akalalamika kwamba haoni.

Mtopea aliinua mguu, akaugonga mti kwa kisigino mara tatu. Mashine ya kukata ikawashwa.

"Siku kumi na moja!" Sikudhani alipiga kelele. "Waheshimiwa, nipeni siku kumi na moja tu! Maganda hayajakauka! Mkishakata hamtapata tena, na ninyi wenyewe mtaapa kwa nini?"

Watu walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya risala. Kapwela, Waziri mteule, mtu mnene mwenye macho ya huruma, alimshika bega. "Vizuri sana, Naibu," alimnong'oneza. "Uchungu huo ndio tunaoutaka wizarani."

Mpingo ni mgumu. Mnyororo wa kwanza ulikatika, wa pili ukatoa moshi, wa tatu ulipita. Mti ulianguka juu ya choo na kukibomoa mlango, na matawi yake yakalivunja jukwaa. Maganda yalitawanyika, yakakanyagwa na kwaya. Sikudhani alipiga magoti akiyakusanya kwenye shada lake la maua, na alichokuwa akikisikia moyoni hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira, na hasira yenyewe hakuielekeza kwa Mtopea wala kwa Waziri. Aliielekeza kwa mkono wake wa kulia, ule ulioandika "Mmoja."

Kisha ikasikika sauti ya fundi seremala wa Ikulu. "Una tundu."

Ulikuwa na tundu kutoka chini hadi juu. Mipingo mizee huwa hivyo, na Bwana Miti angewaambia kama wangemuuliza. Fundi alichonga, akakwepa, akachonga, na wali ulipokwisha alikuwa amepata bakora moja. Ya pili ilipasuka, ya tatu ilikuwa na mdudu. Manaibu na wakurugenzi walianza kusukumana, mmoja akampiga mwenzake teke la ugoko huku kwaya ikiimba ubeti wa kwanza kwa mara ya sita. Bakora alipewa Waziri.

Jukwaa lilikuwa limevunjwa na mti, hivyo Dokta Kapwela alisimama juu ya kisiki. "Naapa," alisema, sauti ikimtetemeka kwa ukweli wa hisia zake, "kuulinda mpingo huu, mizizi yake, shina lake na matawi yake, na kuukabidhi kwa vizazi vijavyo kama nilivyoupokea." Makofi yakapigwa. Sikudhani aliwatazama watu mmoja mmoja akimtafuta hata mmoja anayecheka. Hakumpata.

Wale kumi na tatu wasioapa walitangaziwa kwamba uteuzi wao umesitishwa mpaka mpingo mwingine utakapopatikana. Madiwani sitini wapya, waliokuwa wakingoja vijiti vyao, waliambiwa hivyo hivyo. Mtopea alirudi Ikulu. Sikudhani, asiyekuwa tena Naibu Waziri, akajikuta Bwana Miti kama zamani, na kiti chake kikiwa na nailoni ile ile.

*

Zile mbegu mbichi alizipanda zote kwenye vifuko. Alizimwagilia wiki tano. Zilioza.

Wizara ilistawi. Kisiki kilijengewa paa la bati, kikapakwa vanishi, na wanafunzi waliletwa kukisalimia. Fomu M/7 sasa ilikuja kila mwezi, kwa kuwa wenzake kumi na wawili wasioapa na wale madiwani sitini walikuwa wakipiga simu kila siku kuuliza kama umepatikana mwingine. Kila mwezi Sikudhani alizunguka, akarudi, akaandika "Hakuna," na mkono haukutetemeka, maana ulikuwa ni ukweli, na ukweli huo ulimchoma.

Mvua za kwanza zikanyesha. Siku ya tatu ya mvua Koplo Chitanda, aliyebakizwa kulinda kisiki, alimfuata ofisini amevua kofia.

"Mama, kule upande wa pili wa choo, nje ya uzio, pameota kitu."

"Kitu gani?"

"Miiba."

Sikudhani alichukua kopo, akatoka naye. Mizizi ya mpingo hutembea mbali na shina, na mahali isipotazamiwa huchipua. Hatua saba kutoka kwenye kisiki, pale maji ya kunawia yanapomwagika, yalikuwa yamesimama machipukizi matano, membamba, yenye majani madogo na miiba. Kila moja lilitosha kijiti cha diwani. Aliyahesabu tena, mkono ukiwa kwenye ukuta wa choo.

"Nimepewa amri ya kufyeka kila kinachoota karibu na kisiki," alisema Koplo. Alitazama ardhi. "Marehemu babu alikuwa mchongaji, mama. Miiba hii naijua."

"Unaijua?"

Koplo alivaa kofia yake, akaitengeneza vizuri kichwani. "Nilikuwa naijua," alisema. "Siku hizi kumbukumbu yangu si nzuri."

*

Wiki moja baadaye, kabla Fomu M/7 nyingine haijaja, Waziri alikuja kuadhimisha Mwaka Mmoja wa Ulinzi. Alihutubia kisiki kwa saa mbili. Alikunywa soda tatu. Halafu, kama mtu yeyote, akaomba kuonyeshwa choo.

Sikudhani aliruka kutoka mahali pake. Alimtangulia, akamzungusha kulia, akamwambia kushoto pana matope, lakini Dokta Kapwela alikuwa na haraka yake, akapita kushoto. Mwiba ulimshika suruali.

"Nini hii?" Alivuta, kitambaa kikachanika. Aliinama, bakora ya mpingo mkononi, akayatazama yale machipukizi moja baada ya jingine. Bakora na mwanawe walikuwa wanatazamana kwa umbali wa shibiri moja.

"Miiba tu, Mheshimiwa."

"Kwa nini haijafyekwa?"

Macho ya Sikudhani yalikwenda kwa Koplo, yakarudi. "Tumeomba kibali cha kufyeka, Mheshimiwa. Barua iko wizarani kwako. Bila kibali tungekuwa tumevunja utaratibu."

Uso wa Waziri ulilainika. "Vema," alisema. "Bila utaratibu nchi hii ingekuwa wapi? Ngojeni kibali." Akaingia chooni.

Barua haikuwepo. Sikudhani aliiandika mchana ule ule, na kwa sababu alikuwa anaomba kweli, mkono haukumsumbua. Aliiandika nakala nne, kwa idara nne tofauti, kila idara akiiomba isubiri maoni ya nyingine. Alikadiria ingechukua miaka arobaini. Akiongeza kiambatisho, themanini.

Iliyobaki mezani ilikuwa Fomu M/7 ya mwezi ule, idadi ya mipingo iliyobaki wilayani. Mkuu wa Wilaya alikuwa amesimama mlangoni akiingoja, kwani gari la wizara lilikuwa linaondoka nayo.

Sikudhani aliketi. Nailoni ya kiti ikapasuka chini yake. Alishika kalamu, na mkono ukaanza kutetemeka, kwanza kidole, kisha kiganja, mpaka kalamu ikagonga kwenye meza. Aliukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana kwa nguvu zake zote, akaandika kwa herufi kubwa: "Hakuna." Akagonga mhuri wa Bwana Miti.

"Mbona unatoka jasho, mama?" aliuliza Mkuu wa Wilaya, akiipokea.

"Tumbo," alisema Sikudhani.

Akachukua kopo, akalijaza maji mpaka juu, akatoka nje. Mkuu wa Wilaya akampisha.